Barua kwa mwanangu: ndege anayenesanesa ukingoni mwa maji

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kuhusu ndege mdogo wa kahawia unayemwona juu ya mawe kando ya bwawa, akinesanesa kiuno bila kupumzika: ni ndege gani, mbona yuko peke yake kila mara, na je, wa leo ndiye yuleyule wa juzi? Picha uliyotuma ina ukungu, lakini inaonyesha alama kubwa kuliko zote. Weupe wa tumbo umepanda mbele ya bega ukawa kabari nyembamba kati ya bawa lililokunjwa na kahawia ya ubavu wa kifua. Huyo kwa jina la kisayansi ni Actitis hypoleucos, mmoja wa ndege wa ukingoni ambao watu wengi huwaita kwa jumla vitwitwi.

Anza kila mara na kabari hiyo, kisha umbo. Urefu wake ni kama sentimita 20, uzito gramu 50 hivi. Husimama akiwa ameulaza mwili, na mkia wake hupita ncha za mabawa kwa kiasi cha kuonekana wazi. Ndiyo maana anaonekana mrefu upande wa nyuma. Mdomo umenyooka, nao unakaribia urefu wa kichwa. Miguu ni mifupi, ya kijivu chenye ukijani au umanjano, ila rangi ya miguu isikuamulie kitu: tope likikauka huificha, na jua la jioni hufanya kila mguu uwe wa manjano. Kunesa nako peke yake hakutoshi, kwa kuwa jamaa zake kadhaa hufanya hivyo, ingawa si kwa mfululizo kama yeye. Wanasayansi hawajakubaliana kwa nini ananesa. Tunachokijua ni kwamba vifaranga nao hufanya hivyo wakiwa wadogo kabisa, kwa hiyo hawahitaji kufundishwa.

Wanaochanganywa naye kwenye maji yasiyo ya chumvi ni wawili hasa. Tringa glareola ana miguu mirefu zaidi, madoa meupe mengi mgongoni, na mstari mweupe wa nyusi unaopita jicho hadi nyuma. Tringa ochropus ni mkubwa kidogo, mgongo wake ni mweusimweusi wenye vidoa vidogo, na mstari wake mweupe huishia kwenye jicho. Wakiwa wamesimama mbali, juani, hata macho yaliyozoea hubabaika. Wakiruka, ubishi kwa kawaida huisha.

Hapo ndipo nataka uweke bidii yako. Hao wawili wakiruka huonyesha kiuno cheupe juu ya mkia. Ndege wako kiuno chake ni cha kahawia sawa na mgongo, na weupe uko kwenye mabawa, mstari mmoja mrefu unaopita katikati ya kila bawa. Kuwatofautisha wale wawili, tazama chini ya bawa: la ochropus ni jeusi, la glareola limepauka. Tena urukaji wa ndege wako hauna mwenziwe hapo bwawani. Hupiga mabawa kwa mapigo mafupi ya haraka yasiyopanda juu ya usawa wa mwili, kisha huyakaza yakiwa yamepinda kuelekea chini na kuteleza karibu na uso wa maji, halafu hutua ukingoni mbele kidogo. Akiondoka hulia kwa sauti nyembamba ya juu, swii-dii-dii, ikishuka kadiri inavyoendelea.

Usimfukuze ili uone bawa. Simama umbali wa mita 30 hivi, jua likiwa nyuma yako, kaa chini utulie; ataruka mwenyewe akibadilisha sehemu ya kutafuta chakula. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 10 hutikisika zaidi mkononi. Kwa simu, chukua video badala ya picha na usizime sauti, kwa sababu mlio utakusaidia hata kama ndege ametoka kama doa. Akikupa mgongo, au akijikunyata, kabari nyeupe hufichika. Mngoje ageuke kabla ya kusema haipo.

Upweke wake si dalili ya ugonjwa wala kupotea. Huzaliana Ulaya na Asia, kando ya mito na maziwa yenye mawe na changarawe. Jike hutaga kwa kawaida mayai 4, wazazi wote wawili huatamia kwa takribani wiki 3, na vifaranga hutoka kwenye kiota mapema wakijitafutia chakula. Baada ya hapo huhamia kusini, hadi Afrika, kusini mwa Asia na Australia, na huko kila mmoja hushika kipande chake cha ukingo na kuwafukuza wenzake. Chakula chake, yaani wadudu, buibui, minyoo na konokono wadogo, hukidonoa kimojakimoja juu ya mawe na tope, mara nyingi kwa kunyemelea. Kundi lingemharibia kazi. Jioni, hata hivyo, huweza kukusanyika na wenzake kulala.

Kama ndiye yuleyule, inawezekana sana, kwa sababu hung'ang'ania sehemu moja na wengine huirudia msimu baada ya msimu. Uhakika kamili hutokana na pete ya utambulisho ambayo watafiti huwavalisha ndege mguuni. Bila pete, tazama manyoya ya bawa lililokunjwa. Kinda wa mwaka huo ana michirizi ya giza na hudhurungi iliyopangana vizuri kwenye kingo za manyoya. Mkubwa hana mpangilio huo. Ukiona bawa lenye michirizi leo na kesho bawa la mkubwa kwenye jiwe lilelile, hao ni wawili. Michirizi hulika polepole kadiri manyoya yanavyochakaa, kwa hiyo linganisha siku zilizo karibu, si miezi.

Ukipata video, nitumie ile anayoruka akikupa mgongo, hata ikiwa ya sekunde mbili. Andika pia tarehe, saa na upande wa jua.

Mama yako