Kabla Hujaitangaza Albamu

Desemba 2016, kwenye ukumbi mmoja wa Mwanga hapa Kigoma, nilimaliza ngoma ya mwisho jasho likinitiririka, na watu wakapiga kelele mpaka sikusikia biti ilipoishia. Nikasogeza maiki mdomoni nikasema, "Albamu inatoka mwakani, mwezi wa sita." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilikuwa na nyimbo tatu zilizokamilika na daftari lenye mistari ya nyingine nne. Albamu hiyo ilitoka Ijumaa, Septemba 20, 2024.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayechana kule Kasulu alinipigia. "Shikamoo kaka. Nataka kuitangaza albamu yangu, naomba ushauri nianzie wapi." Nilimwambia asitangaze chochote, na salio lake likaisha kabla sijamweleza kwa nini. Namwandikia hapa. Yeyote mwenye daftari lililojaa na ulimi unaowasha, asome pamoja naye.

Mdogo wangu, kuchelewa kuna aibu yake, lakini aibu inazoeleka. Kibaya zaidi ni kwamba watu wakishaanza kungoja, kule kungoja kwao kunaingia ndani ya kazi. Mwaka 2017 nilikuwa naulizwa kwa hamu. Ilipofika 2019 nilikuwa naulizwa kama mtu anavyoulizwa hali ya mgonjwa aliye nyumbani. Kuna mama anauza dagaa Kibirizi, ananijua tangu nikiwa mtoto, kila nikipita alikuwa ananiambia, "Mwanangu, ile kanda yako bado tu?" Hakuwa na ubaya wowote. Lakini nilianza kuzunguka njia ya juu ili nisipite mbele ya meza yake.

Na usiku, nikikaa kuandika, nilikuwa namwandikia yeye na wale wa ukumbini. Kila wimbo niliupima kwa swali moja: huu unamtosha mtu aliyengoja miaka mitatu? Hakuna wimbo unaoweza kujibu swali hilo. Nikawa nauweka pembeni, naanza mwingine mkubwa zaidi, wenye vinanda zaidi, wenye kolabo zaidi. Nilirekodi nyimbo 31. Albamu ina 11. Na kati ya hizo 11, mbili ni zile zile nilizokuwa nazo siku ninashika maiki mwaka 2016, sijazibadilisha hata neno. Zilikuwa tayari tangu siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa sizisikii tena.

Usidhani ni shida ya sisi wenye mifuko mitupu. Dr. Dre, mwenye studio zake na fedha zisizohesabika, alisubiriwa zaidi ya miaka 10 kwa albamu iliyoitwa Detox. Ilizungumzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Agosti 2015 alisema wazi kwamba ameiweka kando kwa sababu hakuipenda, akatangaza redioni kwamba kuna albamu nyingine, Compton, na siku chache baadaye, Agosti 7, watu wakawa wanaisikiliza. Albamu yake ya awali ilikuwa ya 1999. Niliposoma habari hiyo zamani niliona ni kituko cha matajiri. Niliirudia 2022 nikiwa nimekata tamaa, nikaona mambo mawili: alikuwa na ujasiri wa kuizika kazi asiyoipenda, na ile aliyoipenda aliitangaza ikiwa imekwisha.

Kwa sisi wa Kigoma uzito huo una sura nyingine pia. Diamond Platnumz na Ali Kiba wana asili ya huku, na mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika kufanya wimbo mmoja wa kuusifu mkoa. Watu wa hapa wamezoea kumsikia mtoto wao akiwa Dar es Salaam. Ukisema utaifanyia albamu Ujiji, unatazamwa kwa mapenzi na mashaka kwa pamoja. Ninakuomba usibebe mashaka hayo ukiwa na nyimbo tatu.

Sasa, jambo ambalo nalipigia magoti ulisikie.

Mwaka 2018 tulirekodi nyimbo tisa kwenye chumba kimoja kidogo Gungu. Wakati huo mji wetu bado ulikuwa unaendeshwa kwa umeme wa majenereta, gridi ya taifa haijafika, na umeme ukikatika prodyuza alikuwa anawasha jenereta dogo uani tunaendelea. Siku moja nilikwenda na bibi yangu. Nilitaka aimbe kipande cha wimbo wa Kiha aliokuwa akitubembelezea sisi wajukuu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, hedifoni zikamzidi kichwa, akazivua akasema zinamziba. Akaimba bila hedifoni, bila biti, mara moja tu. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta linanguruma nje, na prodyuza akasema, "Bibi, hii tutarudia umeme ukirudi." Bibi akasema amechoka, atakuja siku nyingine.

Alifariki mwaka uliofuata. Na miezi michache baada ya msiba kompyuta ya studio iliungua. Kila kitu kilikuwa humo. Nyimbo tisa, na sauti ya bibi. Sina wa kumlaumu. Yule kaka alilia kuliko mimi, maana alipoteza kazi za watu wengi. Kilichobaki ni faili moja ya MP3 ya bibi niliyokuwa nimejitumia kwa WhatsApp ili nimsikilizishe mama.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usitoke studio mikono mitupu. Kila mkimaliza kurekodi, omba faili za WAV, yaani sauti kamili isiyobanwa, za kila sauti peke yake: vesi peke yake, kiitikio peke yake, ngoma, besi, kinanda, kila kitu kwenye faili lake, zote zikianzia sekunde ile ile ili siku moja ziweze kupangwa upya na mtu mwingine. MP3 ni ya kusikilizia. Ukiwa nayo hiyo tu, huwezi kuirudisha miksi wala kuitoa sauti vizuri kutoka kwenye biti. Nunua diski mbili za kuhifadhia, moja ikae kwako, nyingine ikae nyumba nyingine kabisa. Ya kwangu ya pili iko Ujiji, kabatini kwa mama, imefungwa kwenye kitenge. Kama prodyuza anasita kukupa faili, zungumzeni bei kabla hujaingia kurekodi, wakati bado mnacheka pamoja.

Hapo ndipo suala la karatasi linapoingia. Prodyuza aliyenitengenezea biti nne aliniambia mwaka 2017, "Wewe fanya, tutaelewana." Nilipokaribia kutoa, akataka nusu ya mapato ya nyimbo zote nne. Nilikasirika, nikasema maneno ambayo sikupaswa kumwambia mtu aliyenipokea studio usiku nikiwa sina hata nauli. Baadaye tulikutana kwenye mgahawa, mzee mmoja anayetuheshimu wote akakaa katikati, tukaandika. Ukurasa mmoja kwa kila wimbo: jina la wimbo, aliyeandika mistari, aliyetengeneza biti, aliyeimba kiitikio, asilimia ya kila mmoja, tarehe, sahihi. Ilituchukua saa moja na chai mbili. Saa hiyo tungeitumia 2017, tusingeacha kusalimiana kwa miezi saba. Andika siku ile ile wimbo unaporekodiwa, hata kama unamwandikia ndugu yako wa damu.

Ukichukua biti mtandaoni, soma vizuri kama umeinunua au umeikodi. Biti ya kukodi anaweza kuuziwa mwingine kesho, na mara nyingi ina kikomo cha mara ngapi wimbo wako unaruhusiwa kusikilizwa.

Kisha nenda kajisajili. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ndilo linalosajili wasanii, na ukiwa mkoani anza na afisa utamaduni wa halmashauri yako. COSOTA inahusika na hakimiliki chini ya Sheria Namba 7 ya 1999. Ukisajili kazi huko unakuwa na ushahidi wa kuonyesha siku mtu akisema wimbo ni wake. Zile karatasi za asilimia nilizokuambia, beba nakala zake, zinarahisisha mambo.

Kwenye miksi sina mengi. Usimlazimishe fundi wako aupandishe wimbo kwa kelele kuliko wa wenzako. Spotify inasawazisha sauti kwenye takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliokandamizwa utashushwa na utabaki umebanwa pumzi. Sikiliza kazi yako kwenye spika ya simu, kwenye bajaji, kwenye spika ya mgahawa watu wakiongea. Kama mistari haisikiki humo, haisikiki.

Tarehe ya kutoa nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ushauri wa mtandaoni unatosha nusu tu. Albamu duniani zinatoka Ijumaa tangu Julai 2015. Ukipitia msambazaji wa mtandaoni, mpe kazi wiki nne kabla: nyimbo za WAV, kava la mraba la pikseli 3000 kwa 3000, majina yaliyoandikwa kwa herufi zile zile kila mahali. Kila wimbo utapewa msimbo wake wa ISRC, namba ya kuutambulisha popote. Uandike kwenye zile karatasi. Spotify wanashauri uwapendekezee wimbo mmoja kwa ajili ya orodha zao angalau siku 7 kabla haujatoka. Wimbo ukishatoka umekosa, na huwezi kurudi.

Lakini msikilizaji wangu wa kwanza yuko Katonga na Kibirizi, na yeye anafuata kalenda ya mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti tena, boti zinapanda ufukweni, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoa, wanaenda muzikini. Siku za mwanzo za mbalamwezi ndizo wana muda na pia wana fedha za giza lililopita. Ukisubiri wiki moja zaidi, muda wanao bado lakini fedha zimeisha.

Mimi nilikuwa nimepanga Juni 2024. Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mji ulipoa. Mama ntilie walipunguza masufuria, na mimi mwenyewe biashara yangu ya mawese ilisuasua maana wanunuzi hawakuwa na kitu. Wenzangu walisema nitoe tu, mtandao hauna samaki. Nilikataa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka minane kuchelewa kulikuwa uamuzi wangu. Kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu Juni, sikuwa na wa kumwomba radhi. Ziwa lilifunguliwa, giza moja likapita, mbalamwezi ya Septemba ikaja. Siku kumi kabla ndipo nikatangaza. Ijumaa ikatoka, Jumamosi nikapiga shoo.

Jumatatu nilizunguka na fleshi. Nilipita vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye memori kadi, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, nikawapa albamu nzima kwa mkono wangu ikiwa na majina sahihi na namba yangu ya simu ndani ya kava. Wangeipata tu kwa njia zao, tena kwa sauti mbovu. Kisha nikashuka Kibirizi kwa manahodha wa boti za abiria za kwenda Kagunga, kwa sababu boti hizo zina spika na safari ni ndefu. Simu mbili za kwanza za kuniita kwenye shoo nje ya mji zilitoka vijiji vya ziwani, na hakuna aliyenisikia redioni.

Yule mama wa dagaa nilimpelekea yake kwenye memori kadi, nikamwekea kwenye simu mwenyewe. Akaniambia nikae. Wimbo wa kwanza ni ule wa bibi. Tulijaribu kulitoa jenereta, fundi akashindwa, na kila alipopunguza ule mngurumo sauti ya bibi nayo ilikonda. Tukaacha vyote viwili, hakuna biti, hakuna mstari wangu hata mmoja, dakika moja na sekunde 52.

Mama akasikiliza ameinamia simu, mkono mmoja bado uko kwenye sado ya dagaa. Akaniuliza, "Hiyo mashine inayounguruma ni ya nini, mwanangu?"

Nikamwambia ni jenereta la studio, la mwaka 2018, siku umeme ulipokatika.

"Na huyu ni bibi yako?"

"Ndiye."

Akanipa simu nimrudishie mwanzo.