Maktaba ya kijiji: anzeni Mbeya mjini

Mwalimu, umeuliza kama chumba cha vitabu mnachotaka kufungua huko Rungwe kinaweza kusaidiwa na serikali, na muanzie wapi. Anzeni maktaba ya mkoa, Mbeya mjini. Msikimbilie Dar kwanza.

Maktaba hiyo, kama ile ya Iringa, iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya 1963, ikatungiwa nyingine 1975, na kazi yake si kuendesha maktaba zake tu; inashauri na kusaidia pia wanaoanzisha za kwao. Kwa hiyo bisheni hodi bila wasiwasi.

Ila nawaomba sana, ombeni ushauri wa mpangilio kabla ya kuomba vitabu. Niliwahi kuona maboksi ya msaada yamewekwa sakafuni shuleni, masika yakapita, kurasa zikagandana kwa ukungu. Vilivyopona vilichanganywa: fizikia juu ya mapishi, hadithi chini ya kamusi. Watoto walishika viwili vitatu wakaondoka. Iliniuma mno. Mkutubi, yaani mtaalamu wa maktaba, atawaonyesha daftari la kupokelea vitabu, namba ya kubandika mgongoni mwa kitabu, na rafu ikae mbali kiasi gani na ukuta wenye unyevu.

Mkipata kijana anayependa kazi hii, Bodi ina chuo Bagamoyo kinachofundisha ukutubi na utunzaji wa nyaraka. Muulizieni nafasi mapema.

Barua yenu ya maombi kwa maktaba ya mkoa ipitie kwa mtendaji wa kijiji, igongwe muhuri.