Ziwa la juu milimani: tuondoke saa ngapi?

SWALI: Habari dada. Sisi ni marafiki wanne, tunataka kupanda mpaka ziwa moja liko juu milimani, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ziwa liko mita 3,300, pale tutakapoacha gari ni mita 2,100, na njia ni kilomita 9 kwenda tu. Mmoja wetu anakimbia kila wiki, mwingine hajafanya mazoezi siku nyingi sana, sisi wawili tuko kati kati. Tumepanga kuanza kutembea saa 3 asubuhi ili watu walale vizuri. Je, tutawahi kurudi kabla ya giza? Na tukifika tunaweza kuogelea? Wenu, Wanne wa Mlimani.

JIBU: Jamani nimefurahi mmeuliza kabla ya kwenda. Saa 3 mmechelewa, tena sana.

Nyie mmeangalia kilomita, na kilomita 9 kweli zinasikika kidogo, lakini mlimani kinachokula muda ni kupanda, na hapo mnapanda mita 1,200 nzima. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, mpaka leo wapanda milima wanaitumia: saa 1 kwa kila kilomita 5, alafu unaongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenu inakuja kama saa 1 na dakika 48 za kutembea, jumlisha saa 2 za mwinuko, yani karibu saa 4, na hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi ambaye hapumziki, hapigi picha, hasimami kufunga kamba za viatu. Sasa kundi linatembea kwa mwendo wa yule wa nyuma kabisa, kwa hiyo mimi ningewawekea saa 5 na nusu kupanda na saa 4 kushuka. Mkianza saa 3 mnafika ziwani saa 8 na nusu mchana, mkikaa saa moja tu mnarudi garini saa 1 na nusu usiku, gizani, kwenye mawe, na miguu imechoka.

Na giza siyo hata linalonitisha zaidi, ni radi. Jua la asubuhi linapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda juu, ikifika mchana mawingu yameshasimama kama minara, na nyie hapo mtakuwa mmeshapita miti yote, hakuna kitu kirefu kuliko nyie. Anzeni saa 11 alfajiri na tochi za kichwani, saa 4 na nusu mnakuwa ziwani, anga bado safi. Mkisikia ngurumo shukeni mara moja, msisubiri mvua.

Alafu pangeni saa ya kugeuka, mkiwa bado nyumbani mmekaa mnacheka. Kwenu ningesema saa 6 mchana: popote mtakapokuwa, mnageuka. Ikiachwa mpaka mkiwa juu hamtaweza, kila mtu atasema bado kidogo tu. Mimi mwaka mmoja niligeuka nikiwa nasikia kabisa maji yanaporomoka kutoka ziwani na ziwa lenyewe sijaliona, iliniuma sana, nilishuka nusu saa nzima siongei na mtu, lakini mawingu yalitukuta tumeshaingia kwenye miti.

Mjue pia maziwa mengi ya juu yamekaa ndani ya bakuli lililochimbwa na barafu ya zamani, na bakuli hilo lina ukingo mbele, kwa hiyo kipande cha mwisho huwa ndicho kikali kuliko vyote na ziwa hulioni mpaka uukanyage ukingo wenyewe. Angalieni kwenye ramani mahali mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, imebanana, hapo ndipo muweke akiba ya nguvu. Na yule anayekimbia asitangulie, akae nyuma ya yule ambaye hajafanya mazoezi.

Kuhusu urefu: kuanzia kama mita 2,500 kuna watu hewa nyembamba inawasumbua, na kufanya mazoezi hakumkingi mtu, mkimbiaji wenu anaweza kuumwa wa kwanza. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, mtu akianza hivyo asipande tena, na ikizidi anashuka, wala hashuki peke yake. Akianza kuyumba kama mlevi au anahema hata akiwa amekaa, hiyo ni hatari ya kweli, mnashuka naye saa hiyo hiyo na kuita msaada.

Baridi: kila mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6.5, kwa hiyo ziwani kutakuwa na baridi ya nyuzi 7 au 8 zaidi ya pale garini, bado upepo. Acheni fulana za pamba maana zikilowa jasho hazikauki. Bebeni sweta, koti la mvua, kofia na miwani ya jua, na maji kama nusu lita kwa kila saa. Njia muachie mtu nyumbani, pamoja na saa ya kurudi, sababu simu huko mara nyingi haishiki.

Kuogelea naomba msiogelee. Maji ya theluji iliyoyeyuka ukiyarukia pumzi inakatika ghafla, unavuta maji badala ya hewa, hata anayejua kuogelea vizuri anazama. Nimewahi kujaza chupa kwenye ziwa la hivyo, chupa moja tu, vidole vikagoma kufunga kifuniko. Chovyeni miguu ukingoni, alafu muikaushe mpaka katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi, maana kilomita 9 za kushuka na soksi mbichi ni malengelenge matupu.