Shamba Likiingiwa na Mionzi: Majibu kwa Wasomaji

Tangu yaanze mazungumzo ya kujenga kinu cha nyuklia Siaya, barua zinazonifikia ni za wakulima. Hizi ndizo zinazouliza mambo ya msingi.

*Ajali ikitokea, nitajuaje shamba langu limeingiwa na mionzi kiasi gani? (Mkulima wa mpunga, Ahero)*

Mionzi haionekani wala hainuki, ndugu yangu, kwa hiyo lazima udongo upimwe. Bomba la chuma hupigwa ardhini sentimita 5, mahali kadhaa shambani. Udongo hukaushwa, huchanganywa, kisha hutiwa kwenye mashine inayohesabu miale ya gama. Miale ya sesiamu-137, elementi yenye mionzi ambayo hutoka kinuni, ina nguvu tofauti na ile ya potasiamu-40, iliyomo kiasili katika kila udongo, basi mashine huzitenganisha.

Jibu hutolewa kwa bekereli: kiini kimoja cha atomu kinachovunjika kila sekunde. Maabara husema bekereli kwa kilo, ramani husema kwa mita mraba. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, Wajapani walizidisha kwa 65, kwa kuwa mita mraba moja ya udongo wa kina cha sentimita 5 ilikadiriwa kuwa na uzito wa kilo 65. Bekereli 1,000 kwa kilo zikawa 65,000 kwa mita mraba. Sasa chunga hapa: sesiamu ikiwa bado iko juu, anayechimba sentimita 15 atapata theluthi tu ya idadi hiyo kwa kilo, na shamba ni lile lile. Ukitajiwa hesabu, uliza kina.

Na kwa kuwa unalima mpunga: mwaka huo Japani ilizuia kupanda penye zaidi ya bekereli 5,000 kwa kilo ya udongo. Walikadiria kilo ya mchele haichukui zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bekereli zilizo katika kilo ya udongo, na kikomo cha chakula kilikuwa 500 kwa kilo. Mwaka 2012 wakakishusha hadi 100.

*Mionzi huisha baada ya muda gani? (Kisumu)*

Hutegemea ni elementi gani iliyotoka kinuni: ayodini-131 hupungua nusu kila siku 8, sesiamu-134 kila miaka 2, sesiamu-137 kila miaka 30. Kipimo kisicho na tarehe usikipokee.

*Nikikaa mbali na kinu, niko salama? (Mama, Bondo)*

Umbali peke yake hautoshi, mama. Kijiji cha Iitate, ambacho sehemu yake kubwa iko zaidi ya kilomita 30 kutoka kinu cha Fukushima, kilichafuka kuliko vijiji vingine vya karibu zaidi, kwa sababu upepo ulielekea huko na mvua na theluji zikaiteremsha mionzi. Upepo wa ziwani kwetu hugeuka mchana na usiku, na mvua za jioni unazijua mwenyewe. Hata katika boma moja, chini ya mchirizi wa paa huweza kuwa na mionzi kuliko uani.

*Udongo wetu sasa ni safi kabisa? (Mwanafunzi, Kakamega)*

Hapana. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, hasa miaka ya 1950 na 1960, yalitawanya sesiamu duniani kote. Wataalamu huitumia hata kupima mmomonyoko. Ndiyo maana nasisitiza: Siaya, Kisumu na Homa Bay zipimwe kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, na majibu yabandikwe katika kila wadi. Bila kipimo cha awali, mkulima atathibitishaje hasara yake?

*Alizeti husafisha udongo? (Nakuru)*

Ilijaribiwa Fukushima ikatoa kidogo mno. Kilichosaidia ni kukwangua udongo wa juu, na kuweka mbolea ya potasiamu ili mimea isifyonze sesiamu. Udongo uliokwanguliwa ulipita mita za ujazo milioni 13. Sheria ya Japani inataka uondolewe katika mkoa huo kufikia mwaka 2045.