Nchi ikitajirika, msongo wa kazini hupungua?

Si lazima. Japani ni tajiri, lakini mwaka 2014 ilibidi itunge sheria ya kuzuia vifo vya kufanya kazi kupita kiasi. Ujerumani nayo ni tajiri, na saa zake za kazi kwa mwaka ni miongoni mwa chache kabisa duniani. Kinachommaliza mtu hasa ni mzigo mkubwa asioweza kuupangia: mhudumu wa simu anayehesabiwa sekunde, hata msalani aende kwa ruhusa. Hilo linaniuma sana. Tena msongo wenyewe hula utajiri: Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria sonona na wasiwasi hupoteza siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1.