Altezza yangu ilipogoma kuitika Mbeya

Toyota Altezza yangu niliinunua Dar, na kule nilikuwa nikigusa tu pedeli ya mafuta inaruka. Nilipofika nayo Uyole, hapa Mbeya, nikadhani nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nakanyaga, inawaza kwanza, ndipo inaondoka.

Nikakimbilia kubadilisha eksozi. Fundi akanishawishi tutoe na masega, kile kichujio cha moshi ndani ya eksozi. Kelele nilizipata, mtaa mzima ukanijua, ila gari likabaki lile lile.

Laiti mtu angeniambia mapema: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (feni ya kuisukumia hewa) kama hii yangu, 3S-GE ya lita 2, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Piga hesabu: karibu asilimia 17 niliiacha Dar. Hiyo hakuna fundi wa kukurudishia. Kinachorudi ni kile kilicholiwa na uchafu.

Kwangu kilikuwa kingi. Eyaklina, kichujio cha hewa, tuliigonga chini, likamwagika vumbi la kiangazi kizima na mbawa za kumbikumbi. Tukavua bomba la hewa. Ukingoni mwa kile kisahani cha throto, mlango unaopimia injini hewa ukikanyaga mafuta, kulikuwa na utando mweusi wa masizi na oili, kama sufuria iliyopikiwa kuni. Kisahani kinanata kidogo, halafu kinaachia ghafla. Ndiyo maana mguu ukigusa kidogo hupati kitu, ukiongeza gari linashtuka. Zima injini, nyunyizia dawa kwenye kitambaa, ufute taratibu. Kama throto ni ya umeme usiisukume kwa kidole, utaua gia zake za ndani. Sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikipanda siku ya kwanza usiogope, kompyuta inajizoesha upya. Plagi nazo nilibadilisha siku hiyo hiyo.

Vile visanduku vya kufunga kwenye pedeli ya umeme? Vinaidanganya kompyuta kwamba umekanyaga zaidi, basi. Ukikanyaga hadi chini huoni tofauti. Pesa hiyo nunulia matairi.

Halafu kuna gia. Injini hii hufika kilele cha nguvu kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Ukipanda mlima wa Isyonje na gia ya nne, mizunguko 2,000, unailaumu throto bure. Shusha hadi ya tatu kabla ya kona, usisubiri lori la viazi likuzibie njia.