Mpwa wangu anataka kuwa jenerali wa Wanahewa

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani na barua ya kuitwa Lanet, chuo cha maofisa wa jeshi la Kenya pale Nakuru, kuanza mafunzo ya ukadeti. Aliniwekea barua mapajani, akasubiri niisome mpaka mwisho, ndipo akaniuliza, "Mjomba, wewe ulikaa Wanahewa miaka 22. Mtu hufanya nini mpaka anaitwa jenerali?"

Wanahewa ni jeshi letu la anga. Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa mama yake alikuwa ameketi hapo hapo, na machozi hayakuwa mbali. Jibu refu naliandika hapa, maana najua wako vijana wengine wenye swali hilo hilo na hawana mjomba wa kumuuliza. Mimi nilistaafu nikiwa meja, kwa hiyo sitawaeleza ujenerali ulivyo. Nitawaeleza niliyoyaona kwa wale waliopanda wakanipita, na mahali nilipokosea mimi.

Nilikwenda Lanet mwaka wa 1986 nikiwa na nia moja tu, kurusha ndege. Nikafika shule ya urubani pale Eastleigh, nikaanza na Bulldog, ile ndege ndogo ya mafunzo yenye viti viwili ubavu kwa ubavu. Kupaa niliweza. Kutua kukanishinda. Kila mara nilichelewa kuinua pua, magurudumu yakagonga lami, ndege ikaruka tena juu. Baada ya majaribio kadhaa nilitolewa, nikapelekwa idara ya vifaa. Nililia usiku ule, na nilibaki na kinyongo kwa miaka mingi kuliko ilivyostahili.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kambi ya Laikipia, Nanyuki, nyumbani kwa ndege za kivita aina ya F-5. Wiki ya pili, meja wangu aliingia bohari asubuhi kukiwa bado na ukungu, akaomba kadi inayoonyesha idadi ya tairi za F-5. Kadi ilisema 14. Akaanza kuhesabu rafuni kwa mkono wake, akigusa kila tairi kwa ncha ya penseli. Zilikuwa 11. Tatu zilikuwa zimechukuliwa usiku kwa haraka, na sahihi ilikuwa kwenye kipande cha karatasi mfukoni mwa koplo mmoja aliyekwishakwenda likizo.

"Luteni, rubani akikosa tairi kesho, ataulizwa nani?"

"Mimi, afande."

"Hapana. Nitaulizwa mimi. Wewe hutaulizwa, kwa sababu hakuna anayekujua. Mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba hapa kuna 14."

Wakati ule niliona ananidharau. Leo naona hilo ndilo somo lote la maofisa wakuu. Kadiri cheo kinavyopanda, ndivyo unavyowajibika kwa mambo ambayo hukuyafanya na hukuyaona. Anayetaka nyota bila mzigo huo atafute kazi nyingine mapema.

Jeshi letu la Wanahewa lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964, nusu mwaka tu baada ya uhuru, likiwa na ndege za mafunzo aina ya Chipmunk na wakuu Waingereza. Mkenya wa kwanza kuliongoza alikuwa Dedan Gichuru, katika miaka ya 1970. Jeshi changa lina sifa moja ambayo vijana huipenda: nafasi za juu ziko wazi, na mtu hupanda haraka. Ubaya wake ni kwamba hukuta umefika juu kabla hujawajua walio chini yako.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 sisi Wakenya wa rika langu hatuisahau. Aliyekuwa mstari wa mbele katika jaribio lile la mapinduzi, Hezekiah Ochuka, hakuwa hata ofisa. Jeshi zima la Wanahewa lilivunjwa. Kamanda wake, Meja Jenerali Peter Kariuki, alihukumiwa kifungo cha miaka minne kwa kushindwa kuzuia uasi, na miaka mingi baadaye mahakama ikaamua kwamba haki zake zilikuwa zimekiukwa. Msiiache habari hii bila kuitafakari, hasa nyinyi mnaotamani ukamanda: yaliyofanywa na walio chini ndiyo yaliyomfikisha kamanda gerezani. Kwa hiyo, kijana, tangu siku utakayopewa kikosi chako cha kwanza, nunua daftari la jalada gumu. Andika jina la kila askari wako, kwao, watoto wake, na malalamiko yake ya mwisho pamoja na tarehe uliyoyashughulikia. Nimewaona maofisa wenye akili nyingi wakishindwa na kazi hii kwa sababu waliiona ni ya sajini.

Baada ya 1982 jeshi lilijengwa upya chini ya Mahmoud Mohamed, ofisa wa Jeshi la Nchi Kavu, na likaitwa '82 Air Force mpaka liliporudishiwa jina na hadhi yake mwaka wa 1994. Kipindi hicho kilikuwa kigumu. Ukivaa sare ya buluu, watu walikuangalia mara mbili. Lakini hapo ndipo alipoingia kijana aitwaye Francis Ogolla, mwaka wa 1984, wakati wenzake wengi waliona afadhali waende kwingine. Akafundishwa urubani wa ndege za kivita, na mwaka wa 2018 akawa Kamanda wa Wanahewa. Kisha akapelekwa kuongoza Chuo cha Kitaifa cha Ulinzi pale Karen. Kuna waliodhani kupelekwa chuoni ni kuwekwa kando. Mwaka wa 2023 akawa Mkuu wa Majeshi. Alipofariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 pamoja na wenzake tisa, alizikwa kwao Siaya siku ya tatu, bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza. Mimi nilifuatilia mazishi yale kwenye televisheni nikiwa nimesimama.

Na hapo kwenye vyuo ndipo nilipokosea. Katikati ya miaka ya 1990 niliulizwa kama nataka kwenda kufundisha Lanet, baadaye nikae dawati la mipango makao makuu. Nilikataa yote mawili. Nilitaka kubaki karibu na ndege, nisikie injini asubuhi. Wenzangu waliokubali walijifunza kuandika ripoti ya kurasa mbili inayoeleweka na jenerali mwenye dakika tano. Walikwenda kozi ya unadhimu, ile inayomwandaa ofisa kwa vyeo vya juu, wakiwa tayari, wakapita. Mimi nilikwenda nikiwa nimechelewa, na jina langu halikuitwa tena.

Kuchelewa kulikuwa na uzito kwa sababu ya taratibu ambazo Jenerali Daudi Tonje aliziweka alipokuwa Mkuu wa Majeshi kati ya 1996 na 2000. Kila cheo kilipewa umri wake wa kustaafu, na nafasi za juu zikawekewa muda. Kabla ya hapo Mahmoud Mohamed alikuwa ameshika usukani wa majeshi miaka 10. Taratibu za Tonje zilifungua njia kwa walio chini, na naziunga mkono kwa moyo wote ingawa ndizo zilizonitoa. Piga hesabu yako mapema. Ukijua utafika umri wa kustaafu lini kwa cheo ulicho nacho, utajua kozi gani lazima uifanye kabla ya mwaka gani. Utajua pia lini uanze kujenga nyumba. Wengi wetu huishia umeja au uluteni kanali, na hakuna aibu hapo, mradi hukukutwa ukiwa bado unaishi nyumba ya kambi.

Mpwa wangu aliniuliza jambo jingine, kwa sauti ya chini: kama ni lazima awe rubani. Nilimtajia Fatuma Gaiti Ahmed. Aliingia 1983 kupitia kikosi cha wanawake, wakati ambapo wanawake walihesabiwa kando na wanaume. Akawa brigedia 2015, meja jenerali 2018, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa lote, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi la majeshi yetu. Hakuja na mabawa ya urubani kifuani.

Mpwa wangu hakusema kitu. Aliikunja barua yake taratibu, akairudisha kwenye bahasha.

Anaripoti mwezi ujao. Dada yangu amemshonea sweta, kwa sababu baridi ya Nakuru alfajiri si mchezo. Mimi nimemnunulia viatu vya kukimbilia na daftari la jalada gumu.